Anti wa Kufua

Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya karai la mashuka, Mama Chiriku alipigwa marufuku kuitwa Mama Chiriku. Amri ilitolewa na Madamu, mkurugenzi wa kituo cha watoto yatima, mwanamke mwenye sauti nyororo ambaye hakuwahi kumgombeza mfanyakazi hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkatalia neno.

"Ni siku kumi tu," Madamu alisema. "Wageni wakishaondoka utarudi kuitwa unavyoitwa. Kwa sasa wewe ni Dobi. Watoto watakuita anti, kama kawaida."

Mlinzi wa getini, aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake ya kuambiwa ya kwake, alicheka akidhani ni utani. Mama Chiriku naye akatabasamu kwa heshima, mikono ikiwa ndani ya povu. Madamu hakutabasamu. Ndipo wote wawili wakajua kwamba jambo limeshakatwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kundi la wamisionari kutoka ng'ambo lilikuwa linakuja kutumia likizo yao kituoni. Si mapadri wala masista. Walikuwa watu wa kazi zao, walimu, wauguzi, fundi bomba mmoja, watu ambao wenzao wakienda kupumzika wao hujilipia nauli waje kupaka rangi kuta za watu wasiowajua. Walikuwa hawajawahi kufika. Miezi mitatu nyuma walikuwa wameomba orodha ya watoto, wakatumiwa majina arobaini, wakashona fulana arobaini, kila moja na jina la mtoto mgongoni. Tatizo ni kwamba watoto waliokuwepo walikuwa ishirini na wanane. Kumi na wawili walikwisha kurudishwa na maofisa wa ustawi wa jamii kwa wajomba na bibi zao, zaidi ya mwaka sasa, na Madamu alikuwa bado hajapata nafasi ya kuwaandikia wafadhili habari hiyo.

"Si waambiwe tu wamerudi kwao?" Mama Chiriku aliuliza. "Mbona ni habari nzuri?"

Madamu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nani anamletea godoro mtoto aliyerudi kwao?" akasema. "Kila mfanyakazi ataleta wake. Mpishi ana wawili, mlinzi ana wanne, Karani ataleta wapwa zake. Wewe unaye mmoja wa miaka saba. Na mimi nina fulana ya mtoto wa miaka saba."

"Lakini Madamu, mwanangu ana mama."

"Kwa siku kumi hana," Madamu alisema, kwa sauti ileile nyororo, akaondoka kwenda jikoni kumwambia mpishi.

Tusimsingizie Mama Chiriku kwamba alilia au alibishana. Alisuuza mashuka sita yaliyobaki huku akipiga hesabu za kichwani. Shule zimefungwa, mtoto anashinda nyumbani. Huko kituoni atakula mara tatu kwa siku, tena nyama. Atalala kwenye godoro jipya. Na kazi hii, yeye aliyefika hapa baada ya kufua nguo za majumba ya watu kwa miaka minane akifukuzwa kwa kosa la soksi moja, angeipata wapi nyingine? Alipomaliza kuanika alikuwa ameshakubali, na bado hakuwa amemuuliza baba wa mtoto.

&nbsp;

Baba Chiriku alikuwa fundi miavuli. Kazi nzuri hiyo, mvua zikinyesha. Kwa kuwa zilikuwa hazijanyesha kwa miezi minne, alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chao akibadilisha zipu ya begi la mtu, na mama yake mzazi ameketi nyuma ya pazia linalogawa chumba, akitoa maoni bila kuonekana.

"Kwa hiyo mimi nimekufa," fundi alisema alipokwisha kusikiliza.

"Kwenye karatasi zao tu."

"Nimekufa kwa nini?"

"Ajali ya basi."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Basi? Hata nauli ya basi sina. Si waandike nimegongwa nikitembea kwa miguu, angalau watu watakaonijua waamini."

Mama Chiriku alicheka, na yeye akacheka, na Chiriku aliyekuwa akichezea vishikizo sakafuni akacheka kwa kuwa wazazi wake wanacheka. Mtoto huyu alipewa jina hilo na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza isipokuwa amelala, na hata usingizini alikuwa akijibizana na watu. Mtaa mzima ulimjua, na kupitia kwake ukamjua mama yake. Hapakuwa na mtu, kuanzia muuza mkaa hadi mwenye nyumba, aliyemwita mwanamke yule kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Chiriku, basi.

"Na mimi mmeniua?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Wewe hukuandikwa popote, mama," mkwe alijibu.

"Afadhali." Bibi akaongeza, na safari hii hakuwa anatania. "Mkwe wangu, mtoto wa miaka saba utamwambiaje aseme mama yake kafa, na wewe uko hapo unamtazama? Atakuelewa vipi?"

"Ni mchezo, mama. Nitamwambia ni mchezo."

Fundi aliirudisha zipu juu na chini mara kadhaa kuona kama inakwama. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. "Ulishasema ndiyo kabla hujafika hapa," akasema. "Sasa unaniuliza au unanipa taarifa?"

Mama Chiriku akaenda kuwasha jiko.

&nbsp;

Jumapili nzima walifanya mazoezi. Mama Chiriku alikuwa akimsuka mtoto nywele, kichwa cha Chiriku kimebanwa katikati ya magoti yake, asiweze kukimbia.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki."

"Baba yako?"

"Alifariki kwa ajali ya basi, lakini hana nauli."

"Hiyo ya nauli acha. Mimi ni nani?"

"Mama."

Akamfinya shavu. Hakumfinya sana, mara ya kwanza.

"Mimi ni nani?"

"Anti wa kufua."

"Ukianguka ukaumia, unamwita nani?"

"Unamwita... mama?"

Akamfinya tena. Safari hii shavu lilibaki na alama, na machozi yakamlengalenga mtoto, lakini hakulia. Alikuwa anataka kushinda. Mchezo wowote aliopewa Chiriku alitaka kuushinda. Kufikia jioni aliweza kujibu maswali yote mfululizo bila kukosea, hata baba yake alipomvizia kwa kuingia ghafla na kuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Chiriku alijibu papo hapo, "Marehemu," na fundi akatoka nje.

Mama Chiriku, usiku akimfunika shuka, alimbusu na kumwambia ameweza. Alijivunia. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alijivunia.

&nbsp;

Wamisionari walifika Jumatatu asubuhi, tisa kwa idadi, wakiwa wamechoka na safari na kuungua pua kwa jua. Hawakuwa watu wabaya. Msimulizi huyu angependa kusema walikuwa wabaya, hadithi ingekuwa nyepesi zaidi, lakini hawakuwa. Walikataa chai ya vikombe vya sahani wakasema watakunywa kwenye vikombe vya watoto. Walianza kazi mchana uleule. Mmoja wao, mwanamume mrefu waliyemwita Bwana Mrefu, alikuja moja kwa moja sehemu ya kufulia, akakunja suruali, akachuchumaa mbele ya karai na kusema kwa Kiswahili alichojifunza kwenye ndege, "Mimi kusaidia wewe. Mimi kufua."

Akafua. Alifua shati moja kwa muda ambao Mama Chiriku hufua matano, na kola ikabaki nyeusi vilevile. Alipoinuka kwenda kunyoosha mgongo, Mama Chiriku alilirudia upesi lile shati na kulianika, na Bwana Mrefu aliporudi akalitazama kambani kwa furaha ya kweli. Walielewana hivyo, yeye akifua na mwenzake akirudia kufua.

Aliyeshika usukani wa kundi lile alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mzee mwenye kofia pana ambaye watoto walikwisha kumbandika jina la Bibi Kofia kabla hajamaliza kushuka kwenye gari. Hakujua Kiswahili. Karani wa kituo, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyekuwa mkalimani wake, na kila Karani alipofungua mdomo Madamu alikuwa hayuko mbali.

Ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Watoto arobaini walikuwa wamevaa fulana arobaini, wanakimbizana uwanjani. Chiriku alikuwa na jina la mtoto mwingine mgongoni, na alikuwa anaongoza mbio. Akajikwaa kwenye ukingo wa mfereji. Alianguka kifudifudi, goti likachanika, damu ikatoka, na mazoezi yote ya Jumapili yakaruka.

"Mama!" alilia. "Mama!"

Hapakuwa na hatua ishirini kati yao. Mama Chiriku alisikia kwa tumbo kabla ya masikio. Mgongo ulianza kunyooka wenyewe, mguu mmoja ukasogea. Kisha akamwona Madamu barazani, amesimama wima, anamwangalia yeye wala si mtoto. Mama Chiriku akainamia karai. Akashika kola ya shati akaisugua. Sauti ikamwita mara ya tatu na ya nne, naye akasugua, na povu lilimrukia machoni akashukuru kwamba limemrukia, maana mtu akimwona angedhani ni sabuni.

Sauti ilikatika ghafla. Alipothubutu kuinua macho, Bibi Kofia alikuwa amepiga magoti vumbini, amempakata Chiriku, anampuliza goti. Chiriku hakuwa akilia tena. Juu ya bega la yule mzee, alikuwa akimtazama anti wa kufua.

"Analilia nani?" Bibi Kofia alimuuliza Karani, na mwanamke yeyote angeelewa swali lile kwa lugha yoyote.

Karani alimjibu. Bibi Kofia aliwaita wenzake, akawaambia maneno marefu, na Bwana Mrefu akaacha shati lake karaini akaenda kusimama nao. Mpishi, aliyemsikia kutoka dirishani Karani akimweleza Madamu, ndiye aliyemletea Mama Chiriku habari, huku akimenya viazi kwa hasira.

"Kawaambia mtoto anamlilia marehemu mama yake. Sasa yule bibi anasema watoto hawa hawajapewa nafasi ya kuomboleza. Anataka wafanyiwe siku yao ya kuwakumbuka wazazi. Ijumaa." Akatupa ganda. "Wanangu mimi watamkumbuka nani? Mimi niko hapa nawapikia."

&nbsp;

Kuanzia Jumanne Chiriku hakukosea tena. Alipita karibu na karai mara kumi kwa siku, akasema, "Shikamoo, anti," akaitikiwa "Marahaba," akaenda zake. Mama Chiriku alijaribu kumvizia nyuma ya matangi ya maji amkumbatie, Jumatano, wakati wageni wakila. Mtoto alijikaza mikononi mwake kama mtu anayepimwa nguo.

"Goti lako linaumaje?" alimnong'oneza.

"Halijambo, anti."

"Hapa hatuko na mtu. Unaweza kusema."

Chiriku aliangalia kulia na kushoto, akatikisa kichwa, akachomoka. Na hakuwa akisema sana hata na wenzake. Mpishi alilisema hilo, na mlinzi pia, kwamba yule kasuku wako kapatwa na nini, mbona kimya. Mama Chiriku aliwajibu kwamba amechoka tu. Alijiambia hivyohivyo.

Nyumbani, fundi miavuli aliacha kutania. Siku ya kwanza alikuwa ameuliza, "Yatima wetu hajambo?" Alipohadithiwa jinsi mtoto alivyoanguka, na alivyoita, na nini kilifuata, aliweka koleo chini.

"Hukugeuka?"

"Madamu alikuwa ananiangalia."

"Hukugeuka," fundi alirudia, si kwa kuuliza sasa. Jioni ya Alhamisi fundi alisema kesho anakwenda kumchukua mwanawe, liwalo na liwe. Mkewe alimsihi. Zimebaki siku sita tu, akasema. Ukifika getini wewe, marehemu, unafikiri nitakuwa na kazi Jumamosi? Kesho yake fundi hakwenda.

&nbsp;

Ijumaa Bibi Kofia alimjia Mama Chiriku mwenyewe, kofia mkononi, kuomba. Alitaka kuazima kamba ya kuanikia na vibanio vyote vya nguo. Kwa ishara alionyesha watakavyofanya: kila mtoto angechora picha ya mzazi wake, angeibana kwenye kamba, angesema neno. Mama Chiriku aliifungua kamba yake akaikunja. Akaambiwa naye aje, wafanyakazi wote waje, maana hawa ndio wanaowalea watoto. Bibi Kofia aliweka mkono kifuani alipokuwa akilisema hilo.

Ukumbi ulijaa. Kamba ilikuwa imevutwa kutoka dirisha hadi dirisha. Wafanyakazi walisimama ukutani, na Madamu aliketi mbele kando ya Karani, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

Watoto wa kweli wa kituo walianza. Mmoja alichora nyumba bila mtu ndani, akasema hakumbuki sura. Mwingine alichora mkono tu. Wamisionari walilia waziwazi bila aibu, na Mama Chiriku naye alilia, kwa sababu watoto hao alikuwa akiwafulia nguo miaka mitatu na hakuwahi kuwauliza. Kisha wakaja wale wa kuazima. Mtoto wa mpishi alisema amesahau, akakimbilia kukaa. Mtoto wa mlinzi alimwelezea mtu ambaye kwa kila namna alikuwa mwalimu wake wa darasa la pili. Karani alitafsiri yote kwa sauti ya msibani.

Chiriku akaitwa kwa jina la mgongoni. Akaja mbele na karatasi yake, akajinyoosha kuifikia kamba, akaibana kwa vibanio viwili, kwa ustadi, kama alivyoona nyumbani tangu alipoanza kutembea. Picha ilikuwa ya mwanamke na beseni. Mwanamke hakuwa na uso. Uso ulikuwa umegeukia upande wa pili, zilionekana nywele tu.

"Mama yangu alikuwa anafua nguo," Chiriku alisema, na hakusita hata kidogo. Ule mdomo wote alioufunga siku nne ulifunguka. "Mikono yake ilikuwa inanuka sabuni, hata akila. Alikuwa ananisuka. Alikuwa anacheka na baba. Alikufa Jumatatu."

Karani alitafsiri nusu, akakwama. Bibi Kofia alimsogelea mtoto, akauliza kitu taratibu, na Karani, kwa mazoea tu, akakifikisha kabla hajafikiri: "Anauliza, alikufaje?"

"Nilianguka, nikamwita," Chiriku alisema. "Alikuwa hapo karibu. Alisikia. Nikamwita tena, hakugeuka. Mama yangu nikimwita anageuka. Ndiyo nikajua ameshakufa."

Mpishi aliufunika mdomo kwa aproni. Mlinzi aliangalia viatu vyake. Wote waliojua Kiswahili mle ndani walielewa, mpaka watoto, na wale tisa wasiokijua walikaa wakisubiri, nyuso zimejaa upendo, watafsiriwe. Mama Chiriku aliuegemea ukuta. Mtoto hakuwa anamsema. Hakuwa analipiza. Alikuwa anaeleza jambo lililotokea, kama alivyoagizwa, na alikuwa analiamini.

Karani akatafsiri. Alisema kitu kifupi, na wamisionari wakainamisha vichwa.

Ndipo Mama Chiriku akatoka ukutani. Hakupanga. Alipita katikati ya watoto walioketi sakafuni, akafika chini ya kamba, akasimama kando ya picha yake mwenyewe.

"Mimi ndiye mama yake," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mimi ndiye mama yake. Sijafa. Nilimzaa mwenyewe kwa uchungu wa siku mbili. Ana baba, anatengeneza miavuli. Ana bibi. Tumewadanganya, mimi na wenzangu. Watoto kumi na wawili humu si yatima. Karani, waambie. Waambie kama nilivyosema."

Karani alikuwa amelowa jasho. Alimgeukia Madamu. Madamu hakukasirika, hakusimama. Alimpa Karani tabasamu dogo na kuinamisha kichwa, kama mtu anayemruhusu mwenzake aanze kula. Karani akawageukia wageni na kusema, maneno mengi, kwa sauti iliyoanza ikitetemeka na kumalizika imara.

Bibi Kofia akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Halafu mtu akapiga makofi. Halafu wote tisa walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na watoto, kwa kuwa wageni wanapiga makofi, wakapiga nao.

Mama Chiriku hakuelewa. Aliwatazama mmoja mmoja akitafuta hasira. Bwana Mrefu alimjia, macho mekundu, akashika mkono wake uliokauka kwa sabuni kwa mikono yake miwili.

"Asante," alisema kwa Kiswahili chake, neno kwa neno, akijitahidi asikosee. "Wewe kuchukua mtoto. Wewe, sasa, mama yake. Mama mpya. Mungu bariki wewe."

"Si mpya," Mama Chiriku alisema. "Bwana, si mpya. Mimi ndiye. Ndiye yuleyule."

"Ndiyo, ndiyo," Bwana Mrefu alisema, akitikisa kichwa kwa furaha.

Bibi Kofia aliwakumbatia yeye na mtoto pamoja. Mmoja wao akaomba wasimame chini ya kamba wapigwe picha, wakapigwa. Madamu naye alikuja, akamkumbatia kwa mikono laini inayonukia manukato, akamwambia sikioni, "Umefanya jambo kubwa. Hata mimi nisingelifikiria." Na alimaanisha. Hapakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Mama Chiriku zaidi ya vitisho vyote alivyovitarajia. Alikuwa amefungua kinywa akasema ukweli wote mbele ya watu hamsini, na ukweli ukachukuliwa mikononi mwake ukaenda kutumika kazi nyingine.

Akamshika mtoto mkono. Hakuna aliyemzuia. Walimpisha njia huku wakifuta machozi, na makofi yakawasindikiza hadi mlangoni.

&nbsp;

Nje jua lilikuwa kali. Uwanja ulikuwa mtupu, na nguzo mbili za kuanikia zilisimama bila kamba. Mama Chiriku alitembea haraka hadi kwenye bomba, akachuchumaa, akamvua mtoto ile fulana yenye jina la mtu, akaitupa kwenye karai. Akamshika mabega. Hakujali nani anamwona.

"Nisikilize, mwanangu. Mchezo umekwisha. Nilikosea mimi, si wewe. Nilikusikia ulipoanguka. Nilikusikia mara zote nne. Sitafanya tena. Ni mimi, unaniona? Ni mimi mama yako. Twende nyumbani, baba anatusubiri."

Chiriku alimtazama kwa makini, usoni, muda mrefu, kama anayetafuta kosa. Kisha akageuka kuangalia mlango wa ukumbi, kama kuna mgeni aliyetoka nyuma yao. Hakuna aliyetoka. Akamsogelea sikioni, akaweka kiganja kuuzuia upepo usichukue maneno, na akanong'ona kwa upole, kwa sauti ya mtu anayempongeza mwenzake.

"Umesema vizuri sana, anti," alisema. "Hata mimi karibu niamini."